Kukadiria eneo la uso wa mwili kwa ajili ya dozi: mizani kwanza, kikokotoo baadaye

Mama mmoja alikuja kwa mzunguko wake wa tatu wa dawa za saratani. Faili lilisema kilo 68. Intani alikuwa ameshaandika 68 kwenye fomu, ameshakokotoa, ameshasaini, na karatasi ilikuwa njiani kwenda famasi. Mimi nilikuwa naangalia kitenge chake. Kilikuwa kimezungushwa kiunoni karibu mara mbili, kimebanwa kwa pini kubwa ya nepi.

"Mama, samahani, hebu tupande mizani tena."

"Sista, mizani ya nini tena, si mlinipima mwanzoni?"

Mizani ikasoma 59. Ile 68 haikuwa ya uongo, ila ilikuwa ya wiki sita nyuma.

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi, wafamasia na madaktari wapya wanaoingia wodi ambako dozi huhesabiwa kwa mita za mraba. Ndugu wa mgonjwa anayetaka kuelewa namba zilizo kwenye fomu atafaidika pia, ingawa dozi yenyewe hupangwa na daktari anayemtibu na haibadilishwi nyumbani. Nitaeleza fomula, lakini hesabu yenyewe ni ya dakika moja. Makosa mengi niliyoyaona yalifanyika kabla mtu hajagusa kikokotoo.

Tunapima nini hasa

Eneo la uso wa mwili ni ukubwa wa ngozi yote ya mtu kama ungeweza kuitandika chini kama mkeka. Wodini tunasema BSA tu. Mtoto mchanga ana kama mita za mraba 0.2, mtoto wa kilo 30 ana karibu 1, na watu wazima wengi wako kati ya 1.4 na 2.2.

Kwa nini ngozi, wakati dawa inaingia kwenye mshipa? Mwaka 1883 Mjerumani Max Rubner alipima joto linalotoka kwa mbwa wakubwa na wadogo. Akaona kwamba joto hilo linakwenda na ukubwa wa uso wa mwili kuliko uzito. Mnyama mdogo, kilo kwa kilo, anawaka haraka zaidi, na moyo, figo na ini vinafuata mwendo huo kwa kiasi. Mwaka 1958 Donald Pinkel, huko Marekani, alilinganisha dozi za dawa za saratani kwa panya, watoto na watu wazima, akaona kwamba ukizigawanya kwa mita za mraba zinakaribiana kuliko ukizigawanya kwa kilo. Mwaka huohuo Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha makala yake kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Leo mtoto mwenye ugonjwa unaoitwa kwa jina la Burkitt anapewa dawa kwa hesabu ya mita za mraba.

Hakuna anayepima ngozi kwa kweli. Delafield Du Bois na Eugene Du Bois walijaribu New York: waliwafunika watu karatasi mwili mzima, wakakata umbo lile vipande vipande na kupima eneo lake. Fomula yao ya mwaka 1916, ambayo bado imo kwenye vitabu na programu za simu, ilitokana na watu 9 tu. Kwa hiyo neno ni kukadiria. Desimali ya tatu haina maana yoyote hapa.

Hatua ya kwanza: hakikisha dawa inahitaji eneo

Dawa nyingi hazihitaji. Parasetamoli ya mtoto ni kwa kilo. Dawa mseto ya malaria ni kwa makundi ya uzito. Hata kwenye saratani, kaboplatini ya mtu mzima hupangwa kwa nguvu ya figo, na trastuzumabu kwa kilo. Soma mwongozo wa matibabu neno kwa neno: "mg kwa kilo" na "mg kwa mita ya mraba" zinaweza kukaa mistari miwili jirani kwenye ukurasa mmoja, na jicho lililochoka huruka mstari.

Hatua ya pili: uzito wa leo

Leo, si wa mzunguko uliopita, wala ule ambao mgonjwa anautaja kwa kinywa. Kumuuliza mtu "una kilo ngapi?" ni mazungumzo tu. Wengine wanakupa kilo za siku za afya yao, wengine kilo wanazozitamani.

Kagua mizani yenyewe kwanza. Haihitaji fundi. Chukua dumu la lita 20 tupu, lipime, kisha lijaze maji mpaka kwenye alama ya lita 20 na ulipime tena. Tofauti iwe kilo 20. Ikiwa ni 19 au 21.5, umeshajua tatizo lako kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika. Iweke kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia wala kwenye kigae kinachocheza, na mshale au namba isome sifuri kabla mtu hajapanda.

Mgonjwa avue viatu, koti na kanga ya juu, aweke pembeni simu na pochi. Kina mama wengine wana kibindo chenye sarafu na funguo. Ulizia kwa upole, maana mtu huona aibu kukifungua mbele za watu. Mpime ameshakojoa, na ikiwezekana kwa mizani ileile kila mzunguko.

Mtoto asiyetulia pandisha pamoja na mama yake, kisha mpime mama peke yake na utoe. Njia hii ni nzuri kwa mizani inayosoma gramu 100. Kwa mizani ya bafuni inayosoma nusu kilo nusu kilo, makosa mawili yanajumlika, na kwa mtoto wa kilo 9 hiyo si ndogo. Bora mizani ya kuning'iniza ya kliniki.

Dripu nayo inadanganya mizani. Mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt hupewa maji mengi ya mshipa kabla ya dawa kuanza, ili figo zisizibwe na mabaki ya uvimbe unaovunjika. Juzi alikuwa kilo 18, leo asubuhi 19.5, na mama anafurahi: "Sista, ona, kanenepa!" Hajanenepa. Kilo moja na nusu ni maji tuliyomtilia sisi wenyewe. Uzito wa kukokotolea ni ule wa kabla ya dripu, na uandikwe hivyo: "kabla ya dripu."

Vilevile kwa tumbo lililojaa maji na miguu iliyovimba. Chukua mtoto wa sentimita 108. Kwa kilo zake halisi 18 eneo ni 0.73. Kwa kilo 21 zenye maji tumboni eneo ni 0.79. Hapo dozi imepanda kwa asilimia 8 bila mtoto kuongezeka hata kidogo. Kwa methotreksati hali ni mbaya zaidi, kwa sababu dawa hiyo hujificha ndani ya maji hayo na kurudi kwenye damu polepole, siku baada ya siku. Usikisie mwenyewe kiasi cha maji. Andika uzito uliousoma, andika kwamba kuna maji, na daktari aamue uzito upi utumike.

Hatua ya tatu: urefu

Urefu wa mtu mzima hupimwa mara moja vizuri na kutosha kwa matibabu yote. Wa mtoto upimwe tena kila miezi michache, kwani matibabu ya mwaka na zaidi humkuta ameshakua.

Mgonjwa asimame bila viatu, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele. Bao la juu lishuke mpaka liguse fuvu. Nasema fuvu kwa makusudi: rasta, nywele za bandia na kilemba vinaongeza sentimita 5 hadi 10 bila mtu kugundua. Ikiwa kusuka kumekwenda juu, tafuta upenyo kati ya nywele au bonyeza kwa rula bapa.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala kwenye ubao, watu wawili: mmoja anashika kichwa, mwingine ananyoosha magoti. Urefu wa kulala huzidi wa kusimama kwa karibu sentimita 0.7, tofauti ambayo haitaharibu dozi, ila usichanganye njia hizo mbili kwenye chati ya ukuaji.

Asiyeweza kusimama, mpime kutoka katikati ya kifua, pale kwenye kishimo cha shingo, hadi ncha ya kidole cha kati, mkono ukiwa umenyooshwa pembeni, kisha zidisha mara mbili. Kwa wengi hukaribia urefu wao. Andika "kwa mkono" ili anayekuja baada yako ajue.

Uzito ukikosewa, dozi huumia kuliko urefu ukikosewa, kwa sababu ya ukubwa wa kosa lenyewe. Kosa la urefu huwa sentimita 3 au 5 katika 160, yaani asilimia 2 au 3. Kosa la uzito huwa kilo 6 au 9 katika 60, yaani asilimia 10 au 15. Fomula tutakayoitumia hupunguza kosa lolote kwa nusu: uzito ukizidi kwa asilimia 10, eneo litazidi kwa asilimia 5 hivi.

Hatua ya nne: hesabu

Tumia fomula ya Mosteller, iliyochapishwa mwaka 1987. Zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3600, kisha tafuta kipeuo cha pili.

Mama wa kitenge, kwa uzito ule wa zamani:

162 × 68 = 11,016
11,016 ÷ 3600 = 3.06
Kipeuo cha pili cha 3.06 = 1.75

Mita za mraba 1.75. Kikokotoo cha simu kina kitufe cha √, lakini simu nyingi hukificha mpaka uilaze. Simu ikiwa imezima chaji, fanya hivi: kisia jibu, gawanya 3.06 kwa kisio lako, kisha chukua wastani wa namba hizo mbili. Nikikisia 1.7, basi 3.06 ÷ 1.7 = 1.8, na wastani wa 1.7 na 1.8 ni 1.75. Kisio lako likiwa baya, rudia mara ya pili na jibu litajirekebisha lenyewe.

Mtoto wetu wa kilo 18 na sentimita 108: 1944 ÷ 3600 = 0.54, na kipeuo chake ni 0.73. Hapa wapya hushtuka, wanaona kipeuo kimekuwa kikubwa kuliko namba yenyewe. Ndivyo ilivyo kwa namba zote zilizo kati ya sifuri na moja, usirudishe 0.54.

Kama huna urefu wa mtoto kabisa, ipo njia ya uzito peke yake: zidisha kilo kwa 4, ongeza 7, halafu gawanya kwa kilo ukiongeza 90. Kwa kilo 18: (72 + 7) ÷ (18 + 90) = 79 ÷ 108 = 0.73. Imeangukia palepale. Ni ya dharura, na haimfai mtoto aliyekonda sana au aliyevimba, maana inadhani umbo lake ni la kawaida.

Fomula ya Du Bois, ya Haycock ya mwaka 1978 na nyinginezo zinahitaji vipeo vya desimali ambavyo hakuna mtu anavipiga kichwani. Kwa mama wa kilo 68 na sentimita 162, Du Bois inatoa 1.73, Mosteller 1.75, Haycock 1.76. Ubishi wa fomula ipi ni bora nimeusikia sana kwenye vikao, na tofauti ni kama asilimia 2 tu. Cha kuzingatia ni kwamba hospitali ichague moja na kila mtu aitumie hiyohiyo, ili eneo likibadilika ujue ni mgonjwa aliyebadilika, si programu ya simu.

Mimi naipenda Mosteller kwa sababu nyingine. Mtu akichoka hubadilisha nafasi: anaandika urefu kwenye kisanduku cha uzito. Mosteller haijali, kwani 162 × 68 ni sawa na 68 × 162. Du Bois inajali sana: ukigeuza namba za mama huyu, 1.73 inakuwa 1.33. Hilo ni jibu linaloweza kuwa la mtu mzima mdogo, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka, na mgonjwa atapata robo tatu tu ya dozi yake.

Ile karatasi ya mistari mitatu iliyobandikwa ukutani, unayoweka rula kutoka urefu hadi uzito na kusoma katikati, ni nzuri kwa kuhakiki. Kwa dozi yenyewe siiamini. Nimeona nakala ya nakala ya nakala, imepinda upande mmoja, na tarakimu ya 1.6 imefutika ikabaki nukta.

Hatua ya tano: liulize jibu

Kabla ya kuendelea, mtazame mgonjwa halafu utazame namba. Makosa ya kawaida yana sura zake, na ukizizoea utayatambua kwa macho.

Jibu la mtu mzima likiwa 3.06, umesahau kipeuo. Likiwa 0.175, umeingiza urefu kwa mita, 1.62 badala ya 162, na jibu limekuwa sehemu ya kumi ya lile sahihi. Likiwa 2.60 kwa mwanamke wa umbo la kawaida, kuna mahali uzito umesomwa kwa ratili: mizani nyingine za kidijitali zina kitufe nyuma kinachobadilisha kipimo, na mtoto wa mtu akikichezea, kilo 68 zinasomeka 150.

Hatua ya sita: kutoka eneo hadi dozi

Zidisha. Mgonjwa wa 1.75 anayepewa doksorubisini mg 50 kwa mita ya mraba atapata mg 87.5. Saiklofosfamidi mg 750 kwa mita ya mraba itakuwa mg 1312.5. Usikate desimali katikati ya safari, kata mwishoni. Famasi nyingi huruhusu dozi isogezwe kidogo, kwa asilimia 5 au 10 kadiri hospitali ilivyoamua, ili isibaki robo ya kichupa ikamwagwa.

Dawa nyingine zina kikomo kisichojali hesabu. Vinkristini mg 1.4 kwa mita ya mraba, kwa mama huyu, ingekuwa mg 2.45, lakini miongozo mingi husimama kwenye mg 2 kwa dozi moja, kwa sababu dawa hiyo huharibu mishipa ya fahamu. Aliyejua kuzidisha tu ataandika 2.45. Doksorubisini nayo ina kikomo cha maisha: jumla ya dozi zote hujumlishwa kwa mita za mraba, na kuanzia mg 450 hadi 550 hatari ya moyo kuchoka hupanda. Kwa hiyo eneo la kila mzunguko lihifadhiwe, litahitajika.

Watoto wadogo wana kanuni yao. Kwa wale wa chini ya kilo 10 au chini ya mwaka mmoja, miongozo mingi huacha mita za mraba na kurudi kwenye kilo, kwa kugawanya dozi ya mita ya mraba kwa 30. Ngozi ya mtoto mchanga ni kubwa mno ukilinganisha na ini na figo zake ambazo bado changa. Mfano: mtoto wa kilo 8 na sentimita 70 ana eneo la 0.39. Vinkristini mg 1.5 kwa mita ya mraba ingempa mg 0.59. Kwa kilo, 1.5 ÷ 30 ni mg 0.05, mara 8 ni mg 0.4. Theluthi moja ya dozi imeondoka, na ni sawa iondoke.

Kwa mgonjwa mnene, zamani desturi ilikuwa kukata eneo lisizidi 2, kwa hofu. Mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani wa Marekani wa mwaka 2012 ulisema kwa dawa nyingi tumia uzito wake halisi, hasa pale lengo ni kumponya, kwani kukata dozi kwa sababu ya unene kunampunguzia tiba. Bado kuna madaktari wanaokata kwa mazoea. Ukikuta 2.00 kamili kwenye fomu ya mtu mkubwa, uliza kama ni jibu au ni kikomo.

Namba 1.73 kwenye majibu ya figo

Majibu ya maabara ya uchujaji wa figo huja yakiwa na "kwa 1.73". Hilo ni eneo la mtu mzima wa wastani wa Marekani wa miaka ya 1920, na limebaki kuwa kipimo cha dunia nzima. Kwa kufuatilia ugonjwa wa figo liache kama lilivyo. Kwa kupanga dozi ya dawa yenye sumu kwa mtu mdogo, lirudishe kwake: zidisha jibu kwa eneo lake, gawanya kwa 1.73. Bibi wa kilo 45 na sentimita 150 ana eneo la 1.37. Maabara ikisema 80, figo zake kwa hakika zinachuja 80 × 1.37 ÷ 1.73, yaani 63.

Usichanganye na eneo la kuungua

Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto naye "hupimwa eneo", lakini pale tunatafuta asilimia ya ngozi iliyoungua, si mita za mraba. Kwa mtu mzima kichwa ni 9, kila mkono 9, kifua na tumbo 18, mgongo 18, kila mguu 18, sehemu za siri 1. Mtoto mchanga ana kichwa cha 18 na kila mguu kama 14, ndiyo maana chati ya mtu mzima humpunja pale uji unapomwagikia kichwani. Kwa madoa yaliyotawanyika tumia kiganja cha mgonjwa mwenyewe, vidole vikiwemo: ni karibu asilimia 1. Kiganja chake, si chako. Na ngozi iliyopata wekundu tu bila malengelenge haihesabiwi. Nimeona asilimia 30 ikiandikwa kwa sababu mtu alihesabu wekundu wote, na dripu ikamiminwa kwa kiasi hicho.

Hatua ya mwisho: andika, na mwingine ahesabu upya

Andika uzito na tarehe yake, urefu, jina la fomula, eneo kwa desimali mbili, na jina lako. Andika 0.73, usiandike .73, kwa kuwa nukta ya mwanzo hupotea kwenye karatasi iliyokunjwa. Kinyume chake, kwa dozi andika mg 2, si mg 2.0, nukta ikififia watasoma 20.

Mtu wa pili akokotoe akianzia kwenye kilo na sentimita, bila kuona jibu lako. Akikuambia "naona uko sawa" huku anatazama karatasi yako, hajahakiki, amekusalimia tu. Uzito ukibadilika kwa asilimia 5 hadi 10 tangu hesabu ya mwisho, kadiri mwongozo wenu unavyosema, eneo lihesabiwe upya.

Ile fomu ya mama wa kitenge tuliirudisha kutoka famasi. Kwa kilo 59 eneo lilikuwa 1.63, na doksorubisini ikashuka kutoka mg 87.5 hadi 81.5. Mama akaniuliza mbona dawa imepungua, kwani amekosea nini. Nikamwambia, "Hujakosea chochote, mama. Sisi ndio tulikuwa tunamhesabia mtu mwingine." Siku iliyofuata tukaongeza kisanduku kwenye fomu, kidogo tu, pembeni ya kile cha uzito: *amepimwa tarehe ngapi?*